Walimu wakuu wenzangu: kushirikiana na jamii kunatupunguzia kazi au kunatuongezea?

Mwalimu wa Micheweni:

Assalamu alaykum walimu, wazazi na wote mliomo humu.

Mimi ni mwalimu mkuu wa skuli ya msingi katika wilaya ya Micheweni, Pemba. Skuli yetu ina mikondo miwili, asubuhi na mchana, na watoto ni zaidi ya elfu moja. Kabla ya kupewa nafasi hii nilisomesha hesabu miaka mingi, na mpaka leo nina vipindi vyangu vya hesabu darasa la sita. Walimu wa hesabu hatutoshi, na hata tungetosha nisingependa kuviacha.

Kila semina tunayokwenda tunaambiwa mwalimu mkuu hodari ni yule anayeishirikisha jamii. Naliamini hilo kwa dhati. Banda la madarasa matatu tunalolitumia sasa lilianzwa na wananchi wenyewe. Wanaume walichimba msingi na kufyatua matofali, kinamama wakachota maji na kubeba mchanga, kuta zikafika usawa wa linta, ndipo Serikali ikaja kuezeka na kutia milango. Bila ya watu wale, watoto wa darasa la kwanza wangekuwa bado wanasoma chini ya muembe. Kwa hiyo sina ugomvi na anayetusaidia. Ninachotaka kuelewa ni kwa nini kila msaada unaoingia skuli unaangukia meza moja.

Chukueni wiki iliyopita. Jumatatu ilikuwa siku ya dawa za kichocho na minyoo. Sisi wa Pemba kichocho tunakijua, na zoezi hili mimi siwezi kulipinga hata kidogo. Lakini tazameni linavyokwenda. Dawa ya kichocho haifai kumezwa na tumbo tupu, mtoto hupata kichefuchefu akatapika. Basi tangu Ijumaa nilikuwa nawapelekea wazazi habari wawape watoto chochote kabla ya kutoka nyumbani, na kwa wale ninaowajua kuwa hawatakuwa na kitu, nikapanga na kinamama wawili wa jirani wapike uji, sukari tukaikopa dukani. Asubuhi ile fimbo ya kupimia ikasimamishwa barazani. Mtoto hujisimamisha kando yake, na alama inayofika utosini ndiyo inayosema apewe vidonge vingapi. Walimu wote walikuwa kwenye mistari: mmoja ana orodha, mmoja ana maji, mmoja anahakikisha kidonge kimemezwa na hakikutemwa nyuma ya choo. Walipoondoka wauguzi nikabaki na fomu: wangapi wamekunywa, wavulana wangapi, wasichana wangapi, kwa umri, wangapi hawakuja, vidonge vingapi vimerudi.

Jumanne wakaja waliotujengea vyoo. Wanataka picha za mabomba ya kunawia mikono na idadi ya wasichana kuanzia darasa la nne. Jumatano kundi la wazaliwa wa kijijini kwetu walioko Muscat, waliotununulia madawati, wakaomba kwenye WhatsApp picha ya kila dawati likiwa na namba yake, kwa sababu kuna wenzao waliochanga na wanataka kuona. Wana haki. Ni fedha zao za jasho. Alkhamisi kikao cha kamati ya skuli, na kwetu mimi ndiye katibu, kwa hiyo niitishe mimi, niandike mimi, nisome mimi.

Watoto ni wale wale. Lakini afya wanawataka kwa umri, wa vyoo wanawataka kwa jinsia, na wa vitabu, ambao hata sijawataja, wanawataka kwa darasa, kila mmoja kwenye karatasi yake. Na mgeni akifika hakubali kuonana na mwengine. Atie sahihi kwenye daftari la wageni mbele ya mwalimu mkuu, apigwe picha na mwalimu mkuu, atembezwe na mwalimu mkuu.

Wiki hiyo darasa la sita walikuwa kwenye kugawa sehemu kwa sehemu. Nusu gawanya kwa robo. Ni pahala ambapo mtoto asipoelekezwa na mtu aliyetulia hukariri "geuza uzidishe" na maisha yake yote asijue kwa nini jawabu imekuwa kubwa kuliko alichoanza nacho. Mimi huwakatia karatasi, wakashika nusu mkononi, wakahesabu robo zilizomo. Vipindi vile vyote havikufanyika. Monita aliwaandikia mazoezi ubaoni. Na mezani kwangu kuna maandalio ya masomo ya walimu ambayo sijayakagua, wakati hiyo ndiyo kazi ambayo mkaguzi akija ataniuliza mwanzo.

Naomba kwa walio na uzoefu: nyinyi mnafanyaje? Kuna aliyefanikiwa kuifanya kamati ibebe kazi kweli kweli, isiwe ya kuja kusikiliza taarifa tu? Kuna aliyewahi kumwambia mfadhili "hapana" na skuli isidhurike?

---

Maalim Mstaafu, Mkoani:

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Nimekusoma mara mbili. Nimeongoza skuli huku Mkoani, kusini mwa Pemba, mpaka nikastaafu, na hayo ya kipindi cha hesabu kilichopotea yamenigusa.

Kwa maoni yangu tatizo si wingi wa washirika. Skuli niliyoshika mwisho ilikuwa na washirika wengi kuliko ile ya kwanza, na nilipumua zaidi. Tofauti ilikuwa mlango. Pale mwanzo kila mtu aliingia kwa mlango wangu, saa anayotaka, na karatasi yake.

Nikaanza na siku. Nilimwandikia kila mshirika barua fupi, nakala kwa afisa elimu wa wilaya na kwa sheha, yaani kiongozi wa Serikali wa shehia, eneo letu, kwamba wageni wa miradi tunawapokea siku moja ya wiki, baada ya mapumziko. Sikumkataza mtu. Nilikhofu watanuna. Hakununa hata mmoja, kwa sababu na wao wana ofisi na wanaelewa maana ya miadi. Waliotoka Unguja kwa boti ndio nilikuwa nawaachia nafasi, maana yule hapangi bahari.

La pili ni karatasi moja ya takwimu. Kila mwisho wa mwezi walimu wa madarasa wanaleta idadi zao, zinaandikwa pahala pamoja, kwa darasa, kwa jinsia na kwa umri, zote tatu kwa wakati mmoja. Karatasi inabandikwa ofisini. Mfadhili akija na fomu yake anaelekezwa ukutani, anajaza mwenyewe, mwalimu mkuu anatia sahihi na mhuri. Utashangaa jinsi fomu zinavyofupika pale mwenye fomu anapoijaza yeye.

Sasa kamati. Hapa nataka kusema kitu ambacho wengi hawakitaji. Zamani, wakati wa michango ya wazazi, kamati zilikuwa na kazi kwa sababu zilikuwa na fedha. Kidogo, lakini zao. Mwenyekiti alijua bati zimenunuliwa kwa bei gani, mshika fedha alikuwa na daftari lake, wazazi waliuliza. Michango ikafutwa, na mimi niliifurahia siku hiyo, kwa sababu nimeona watoto wakirudishwa nyumbani kwa shilingi ambazo baba hana. Elimu ilitangazwa bure tarehe 23 Septemba 1964 na ilikuwa haki irudi kuwa bure. Lakini hatukufikiri kamati ifanye nini baada ya hapo. Imebaki kuitwa, kusikiliza na kupewa soda. Watu wazima hawawezi kuja miaka mitatu kusikiliza tu. Huacha kuja, na mzigo wote unarudi kwa katibu.

Ipe kamati yako kitu cha kushika. Mimi niliwapa mapokezi ya vitu. Madawati yakija, vitabu vikija, saruji ikija, anayepokea ni mwenyekiti na wajumbe wawili, wanahesabu wao, wanaandika wao, nakala moja ya hati inabaki kwangu. Picha za wafadhili anapiga mjumbe kijana. Wazaliwa wa Muscat, Mwalimu, ni watoto wa hao hao wajumbe wako. Kwa nini ripoti ya dawati iende kwao kupitia kwako wakati baba yao yumo kwenye kamati? Tahadhari moja tu: fedha taslimu usimwachie mtu mmoja, hata awe mcha Mungu vipi. Sahihi ziwe zaidi ya moja, na risiti zisomwe kikaoni kwa sauti.

Na ukatibu wa kamati hata ukiwa ni wako, kumbukumbu anaweza kuandika mwengine. Wewe uzisome na kuzithibitisha.

La mwisho: ushirika ulionisaidia kuliko wote haukuwa na mfadhili. Ulikuwa na mwalimu wa chuo cha Kurani. Watoto wetu wakitoka skuli wanakwenda chuoni, na yeye anawaona kwa muda ambao mimi siwaoni. Tulikubaliana mtoto asiyeonekana kwake aniambie, na asiyeonekana kwangu nimwambie. Hatukujaza fomu yoyote. Watoro wengi tuliwajua kabla hawajazoea.

---

Mzazi, Kojani:

Mwalimu, mimi si mwalimu, ni mvuvi na ni mjumbe wa kamati ya skuli huku kwetu Kojani. Naomba niseme upande wetu.

Huku tatizo letu kubwa ni dago. Mnaojua mnajua: vyombo vinaondoka, watu wanapiga kambi mbali kufuata samaki, na vijana wa darasa la tano na la sita wanachukuliwa wasaidie kupika, kutoa maji chomboni na kuvuta nyavu. Mwalimu mkuu alikuwa anahangaika peke yake. Anaandika barua, barua hazijibiwi. Alikuja mwenyewe pwani siku moja kuzungumza na manahodha, wakamheshimu, wakamwitikia "ndio Mwalimu", na alfajiri wakang'oa nanga na watoto wamo.

Sisi wa kamati tukamwambia, Mwalimu, hii tuachie. Yeye anatupa majina ya watoto wa madarasa ya juu, basi. Kabla ya msimu wa dago tunamwendea kila nahodha nyumbani kwake, jioni, tunakaa naye barazani. Mimi nahodha ni shemegi yangu. Mwalimu atamwambia sheria. Mimi namwambia mwanao huyu anaingia mtihani mwaka huu, nitakupa kijana wangu mkubwa aliyemaliza skuli aende badala yake. Hayo mwalimu hawezi kuyasema. Hana kijana wa kutoa na hana ushemegi. Si wote wanaokubali, wapo wanaochukua watoto bado, lakini wamepungua, na mwalimu mkuu wetu hashuki tena pwani.

Ila na nyinyi walimu wakuu mna lenu, niseme kwa heshima. Mnatuita mambo yakisha kuamuliwa. Mradi umeshaingia, pahala pa kujenga pameshachaguliwa, tunaletewa karatasi tutie sahihi. Pale kwetu waliletwa wataalamu wakachimba kisima upande ambao kila mzee alijua maji yake ni ya chumvi. Hatukuulizwa. Halafu mwalimu mkuu ndiye aliyebaki na kisima cha maji ya chumvi na barua za kueleza kwa nini watoto hawakitumii. Mngetuuliza mwanzo, kazi hiyo isingekuwepo.

---

Msaidizi Mwalimu Mkuu, Kaskazini A:

Nawaunga mkono, lakini naomba mnapogawa kazi mtukumbuke sisi wasaidizi. Kwangu mwalimu mkuu alisoma ushauri kama huu, akanikabidhi washirika wote. Vipindi vyangu vya Kiswahili havikupunguzwa hata kimoja. Kazi haikupungua, imehama ofisi. Ukimkabidhi mwalimu uratibu, ratiba yake ibadilike siku hiyo hiyo na iandikwe.

---

Mwanafunzi wa uongozi wa elimu, Unguja:

Nimefurahi kuikuta mada hii, kwa sababu ndiyo ninayoisoma sasa na vitabu vingi vinaitazama kwa upande wa faida tu: mahudhurio, ufaulu, wazazi kuipenda skuli. Muda wa mwalimu mkuu hautajwi sana.

Joyce Epstein wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, ambaye kwenye mambo haya hunukuliwa na kila mtu, anagawa ushirikiano wa skuli, familia na jamii katika aina sita: malezi nyumbani, mawasiliano, kujitolea, kujifunza nyumbani, kushiriki maamuzi, na kushirikiana na jamii pana. Ukitazama maelezo ya Mwalimu wa Micheweni, karibu muda wake wote umeliwa na aina moja tu, ile ya taasisi za nje. Anayoyaeleza mzazi wa Kojani ni maamuzi na malezi, na hayo ndiyo yaliyompunguzia kazi mwalimu mkuu wake. Epstein mwenyewe anataka kazi ishikwe na timu yenye walimu, wazazi na wanajamii, kila mmoja na sehemu yake. Hakusema mwalimu mkuu aibebe peke yake.

Na Marekani kuna kitu kimoja kinachofaa tukifikirie. Wana skuli wanazoziita skuli za jamii, ambazo ndani yake kuna huduma za afya, ushauri nasaha, masomo ya jioni na msaada kwa familia. Jiji la New York lilianza kuzieneza kwa wingi mwaka 2014. Huko kila skuli inakuwa na asasi moja mshirika mkuu, na asasi hiyo ndiyo inayomwajiri mtu wa kukaa skuli kuwaratibu washirika wote. Mwalimu mkuu anapanga naye, lakini hakimbizani na fomu. Taasisi ya utafiti ya RAND ilizitazama skuli hizo, na ripoti yake ya 2020 ilionesha mahudhurio yameimarika.

Najua wao wana fedha sisi hatuna. Lakini lililonivutia si fedha, ni nani analipia uratibu. Kule mshirika anakuja na mtu wake. Kwetu mshirika anakuja na mabomba, na mtu anamkuta hapo hapo skuli, bure, tena ni mwalimu mkuu. Nafikiri ni haki kabisa skuli kumwambia mfadhili: kwenye bajeti yako tia na posho ya mratibu kutoka shehia hii hii, kijana aliyemaliza kidato cha nne, wa kukusanya takwimu zako na kupiga picha zako. Kwa mradi wa vyoo ni fedha ndogo.

---

Mwalimu wa Micheweni:

Nawashukuru sana, Mwenyezi Mungu awalipe. Nimeyasoma na mwenyekiti wetu wa kamati kaja ofisini leo nikamsomea na yeye, hasa ya Maalim na ya mzee wa Kojani.

Mzee wangu wa Kojani, hilo la kisima limeniingia. Kwetu halikutokea kwa kisima lakini lipo jambo la namna hiyo: bustani ya skuli iliyoletwa na mradi, ikatiwa uzio mzuri, na kila aliyezaliwa hapa anajua pahala pale ni mawe matupu. Juu udongo, chini jiwe. Ripoti ya bustani hiyo bado naiandika kila robo mwaka. Mwenyekiti alinambia angeulizwa angeonesha upande wa bondeni, na shamba lile ni la ndugu yake, angetoa kipande bila ya malipo.

Mwalimu msaidizi, umesema kweli na nakuahidi silipitishi hilo kwa mwenzangu. Walimu wangu wana watoto wengi darasani kuliko inavyofaa na sitawapa kazi ya picha juu yake.

Tulichokubaliana na mwenyekiti ni kwamba kikao kijacho ajenda ya kwanza iwe mapokezi ya vitu kuhamia kwa kamati, tuanze na madawati. Na kundi la Muscat tumeshalizungumza: mjumbe wetu mmoja ana mtoto wake kwenye kundi hilo, yeye ndiye atakayekuwa anajibu. Barua za siku ya wageni nimeziandika, zinasubiri kwenda kwa afisa elimu. Za dawa za kichocho nimeziacha nje ya utaratibu huo, kwa sababu zoezi lile lina tarehe zake na sitaki lichelewe hata kwa wiki. La posho ya mratibu nitalitoa kwa wale wa vyoo kabla hawajaanza awamu ya pili. Wakikataa nitajua, wakikubali nitawaambieni.

Lakini Maalim, bado nina suali juu ya ile karatasi ya ukutani. Watoto wanahama kila msimu wa karafuu, wengine wanafuata wazazi mashambani na kurudi baada ya wiki kadhaa. Hao uliwaandika wapi? Nikiwatoa, idadi yangu haitalingana na ya wilaya. Nikiwaacha, mfadhili atakuja kuhesabu vichwa na kuona pengo.

---

Maalim Mstaafu, Mkoani:

Usiwatoe. Waliosajiliwa wawe safu moja na waliohudhuria mwezi huo safu ya pili. Pembeni weka safu ya sababu: karafuu, dago, maradhi, hajulikani alipo. Idadi ya wilaya inatoka safu ya kwanza, mfadhili anaoneshwa zote mbili. Na ile ya "hajulikani" ikate nakala umpe mwenyekiti wa kamati siku hiyo hiyo, ampelekee sheha. Hiyo ni kazi yao, nao wanajua nyumba.